Pijo ya Mzee Haingurumi Tena

Jumamosi

Hata chai hakumaliza. Yeyo, mamake bwanangu, alitoka Kajiado aje asikie Pijo, gari ya marehemu mzee wake, ile tumeitengeneza hapa nyumbani Kitengela. Macho yake yameisha, amebaki na masikio.

Bwanangu, Baba Naserian, akawasha. Injini mpya inaenda kimya.

"Hii ni gari ya nani?"

"Ya mzee, Yeyo."

"Mzee nilikuwa namsikia akiwa bado kule barabarani."

Ni mimi nilisema ile injini ya zamani iuzwe kama vyuma kuukuu. Nilitaka tu gari ya kupeleka mtoto kliniki bila kuzima njiani.

Baba Naserian akashuka, akabamiza mlango mara mbili ndio ushike, vile mzee alikuwa akiubamiza. Yeyo akageuka haraka, akanyoosha mkono.

Huo mlango tusiutengeneze.