Aliyekuja Durban na Jina la Baba

Point, Durban
3 Machi 1998

Baba mdogo Léonce,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba kwa ajili ya bibi aliyekunyonyesha wewe na kaka yako: yaliyomo humu yasitoke mdomoni mwako. Msimulie mkeo Mama Velta peke yake, kisha uichome barua. Usimwandikie mtu wetu yeyote, awe Bujumbura, awe Brussels. Wala usinipigie simu. Duka la simu hapa Point ni la watu wa kwetu, vibanda vyake ni vya mbao nyembamba, na anayesubiri zamu husikia kila neno.

Sasa nikusalimu kama inavyopasa. Hamjambo huko? Kifua cha Mama Velta kimepona? Mimi mwili ni mzima. Usingizi ndio umenihama.

Unajua kazi yangu katika ofisi ya kanisa. Anayeomba ukimbizi huketi mbele yangu, husimulia alikotoka na kilichomkimbiza, nami huandika kwa Kiingereza na kumpelekea Madamu Mildred, wakili Mkenya aliye mkubwa wetu. Wiki iliyopita aliingia mwanamume wa umri wa baba, koti safi, sauti ya upole. Nikamuuliza jina. Akataja la baba yangu. Lote, la ukoo na la ubatizo.

"Kazi yako ya kwenu, mzee?"

"Sekretere wa kolektivite. Pale pa mwami, chifu wetu, kule Butahi."

Akaweka mezani kitambulisho cha baba. Picha imelowa hata uso umefutika, lakini ni chenyewe, na sahihi ni yake. Baba mdogo, mtu huyu sijawahi kumwona.

Tangu Oktoba ya vita, baba alipotuambia tutangulie ili yeye arudi kufunga ofisi ya mwami, hatujui kama yu hai. Sasa kitambulisho chake kimefika Durban katika mfuko wa mtu mwingine.

Niliandika kila alichosema. Hakujua mimi ni nani. Pale ofisini naitwa Spès tu, hata kwenye beji. Nikisema ni mwongo, atataka kujua nani kamsema, na sisi wote tunalala katika maghorofa yale yale. Nikinyamaza, atapewa karatasi, na siku baba akitokea akiwa hai ataambiwa ameiba jina lake mwenyewe.

Nishauri. Wewe unaishi kwenye jengo la serikali, unajua mambo ya watu na karatasi.

Mwanao,
Spès

*

Latvia, kwenye kasri
24 Machi 1998

Mwanangu Spès,

Amani kwako. Barua yako nimeisoma mbele ya tanuri na kuitia humo humo. Velta anakusalimu, kifua kinamtesa bado, maana theluji haijaisha. Unakula? Nijibu kweli.

Kuhusu kuishi serikalini, usinicheke. Kasri hili lilijengwa na baroni Mjerumani, nyumba yenye mnara na madirisha mengi kuliko watu. Leo chini kuna ofisi ya tarafa, ambayo wao huiita pagasts, posta na zahanati. Juu kuna shule ya watoto wadogo. Sisi tuna vyumba viwili nyuma, kwa kuwa mimi ndiye fundi wa maji na tanuri. Mwami wetu ni mama mmoja avaaye mabuti ya mpira, mwenyekiti wa tarafa. Siku hizi analala vibaya: serikali inataka kuunganisha tarafa ndogo, na wazee wanamuuliza kila asubuhi kama kesho watakuwa wa kijiji hiki au cha ng'ambo ya mto.

Velta ndiye karani wake, na ushauri huu ni wake. Nchi ilipopata uhuru, watu walikuja hapa kwa wingi kudai mashamba ya babu zao. Huku kila shamba lina jina lake kama mtu. Wengine walikuwa wezi wenye karatasi nzuri. Velta hakuwauliza juu ya shamba wanalodai, maana hilo mwizi amelikariri. Aliwauliza majirani: ng'ambo ya kijito ni shamba gani, likifuatiwa na lipi? Mrithi wa kweli hujibu huku akitabasamu. Mwizi hutoka jasho.

Mfanyie hivyo. Usimuulize juu ya kaka yangu wala pa mwami. Muulize vijiji vya pembeni. Akishindwa, andika tu kwamba ameshindwa, mpelekee wakili wako, na hakuna atakayejua ni nani alimtega.

Baba yako mdogo,
Léonce

*

Point, Durban
20 Aprili 1998

Baba mdogo,

Nakusalimu wewe na Mama Velta. Mnisamehe, leo siulizi habari za afya kwa urefu.

Nilifanya mlivyosema. Alirudi kusomewa maelezo yake. Nikamwambia ofisi inahitaji kujua vijiji vya jirani. Akanitazama, akaegemea kiti.

"Andika, mama. Iko Luhombo. Kisha Kishenda, pale pa kisima. Kisha Rwabika. Kisha Nyamugari ya juu. Ile ya chini ni ya mwisho."

Hakutoka jasho. Alitabasamu, kama yule mrithi wa kweli. Vyote ni sahihi. Ila hakuna mtu wa Butahi anayevitaja kwa mpangilio huo. Sisi huanza Rwabika kwenye soko, tunashuka. Nilikaa na karatasi mbele yangu mpaka nikakumbuka ni wapi niliwahi kuvisikia hivyo: ndivyo wakimbizi walivyovitaja walipokuwa wakitupita barabarani. Luhombo imeungua. Sasa Kishenda. Sasa Rwabika. Baba mdogo, yule hakuishi katika vijiji vile. Alivipitia na moto.

Hilo lingetosha kuniua. Kosa langu ni lile lililofuata.

Maelezo yakishachapwa, karani husimama mlangoni na kuita watu mmoja mmoja waje kutia sahihi. Ukumbi ulikuwa umejaa. Nikamwita Jacques, nikamwita Laetitia na mtoto wake, nikamwita mzee wa Bukavu. Nikafika kwake. Mdomo ukakataa. Wewe unalitamka jina lile kwa kuwa ni kaka yako. Mimi bibi alinipiga kwa kulitamka nikiwa na meno ya utoto, kama apigwavyo kila mtoto wetu anayemtaja mzazi kwa jina, na tangu hapo sijalitoa kinywani, wala sijaliandika kwako hata leo. Siku ile ya kwanza yeye ndiye aliyelisema, mimi nikachapa. Sikuwa nimefikiri kwamba itanibidi kuliita.

Nikasema, "Wewe mzee wa koti. Karibu."

Vijana wa kwenye benchi wakacheka. Mmoja akasema, "Eish, sista, mzee amekukopesha nini?"

Yeye hakucheka. Alikuja taratibu, akatia sahihi, kalamu akanirudishia kwa mikono miwili.

"Wote umewaita na majina yao," alisema. "Jina yangu iko na nini?"

Nikaipokea kalamu. Akanitazama uso, paji, masikio, kama mtu anayesoma. Akainama. Akasema kwa lugha yetu ya mlimani, polepole, ili nisipoteze neno:

"Baba yako naye alikuwa na adabu. Mpaka mwisho."

Kisha akainua mikono na kupiga kelele mbele ya ukumbi mzima: "Binti yangu! Mungu mukubwa, ni binti yangu Spès!" Akanikumbatia. Watu wakapiga makofi. Wamama wakapiga vigelegele. Madamu Mildred alitoka chumbani kwake, akauliza kuna nini, akaambiwa, akalia. Alinishika mabega: "Mungu ni mwema, umempata baba yako." Nami nilikuwa kifuani mwa mtu yule, na sikioni ananiambia, "Unalala na Marcelline, ule dada wa saluni. Nyumba ya bluu. Nyamaza tu, tutaishi vizuri."

Niliwaacha wapige makofi.

Sasa ameomba faili langu liunganishwe na lake, kwamba mimi ni mtoto wa nyumba yake. Madamu anataka jambo hili liishe haraka, kwa furaha. Ni yeye aliyemwonyesha, katika faili langu, kwamba nina baba mdogo Latvia. Basi anakujua pia.

Nikisema leo kwamba si baba yangu, nina ushahidi gani? Tulikimbia bila picha hata moja. Watasema vita vimenivuruga akili, namkana mzazi. Una chochote?

Mwanao,
Spès

*

Latvia, kwenye kasri
12 Mei 1998

Mwanangu,

Barua yako imefika jana, na barua hii inaondoka leo na gari la posta. Salamu zangu ni hizi tu: uwe hai utakapoisoma.

Kwa hiyo kaka yangu hayupo. Nimeandika sentensi hiyo na kuitazama. Nitamlilia baadaye, sasa iko kazi.

Velta amelia kwa ajili ya ushauri wake. Alikaa ngazini mwa kasri bila koti, akasema: "Nilisahaulishwa na nini?" Ndipo akanieleza jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa hajawahi kuniambia. Mwaka 1949, akiwa mtoto, malori yalikuja kuchukua watu wa tarafa hii kuwapeleka Siberia. Walichukuliwa kwa majina ya mashamba, moja baada ya jingine, bila kukosea njia gizani. Aliyeyajua yote, na kijito kilipo, na mbwa wa nani mkali, alikuwa amekaa katika ofisi hii hii ya chini. "Anayejua majirani wote," alisema, "si lazima awe jirani." Tusamehe. Tulikupa hekima ya watu waliosahau nusu yake.

Sikiliza. Picha ninayo. Ni ya siku niliyoondoka kuja kusoma Riga, mwaka 1984: mimi na kaka uwanja wa ndege, ameushika mkono wangu kama wa mtoto atakayepotea. Uso wake wote unaonekana. Nimeipeleka kwa mwenyekiti. Alikuwa na wajumbe chumbani, wanabishana kuhusu kuunganisha tarafa, akawaambia watoke. Nimeapa mbele yake kwamba huyu ndiye kaka yangu wa tumbo moja. Amegonga muhuri wa tarafa nyuma ya picha, na kwenye maelezo yangu kwa Kiingereza, kwa nguvu mpaka wino ukaruka. Aliniuliza Durban iko wapi. Nikamwonyesha kwenye ramani ya watoto, ghorofani. Akasema, "Huko nako watu kama hao wanafika?"

Picha iende mkononi mwa wakili, si mwa mtu mwingine yeyote pale ofisini. Bahasha nimeiandika jina lake. Barua yako hii nimeituma saluni kwa Marcelline.

Uhame Point. Usingoje jibu langu.

Baba yako mdogo,
Léonce

*

Durban
11 Juni 1998

Baba mdogo,

Niko hai. Nakusalimu, namsalimu Mama Velta, na mwambieni mama wa mabuti kwamba muhuri wake umesomeka vizuri.

Picha ilifika. Madamu Mildred aliitazama, akageuza, akasoma nyuma, akaitazama tena. Alifunga mlango. "Spès, kwa nini hukuniambia?" Yeye Mkenya alilelewa mahali pa amani. Akamwita yule mtu. Alikuja na mkate wa kunipa.

Alipoonyeshwa picha alicheka kidogo. "Madamu, vita inazeesha mutu. Inabadilisha uso."

Madamu akasema hilo linawezekana, na kwamba binti ndiye ajuaye. Akaniambia niape na niseme, kwa sauti ya kuandikwa, jina la baba yangu mzazi, na kama mtu huyu ndiye. Alijua ananiomba nini? Hakujua. Yule mtu alijua. Alinikazia macho, akangoja, ana uhakika kwamba sitaweza.

Nililisema. Madamu aliniomba nirudie, hakusikia. Nikalirudia kwa nguvu, mpaka taipureta ya nje ikanyamaza. Nikasema, huyo ndiye aliye katika picha, na huyu siye, na vijiji alivitaja kwa mpangilio wa moto. Sikupigwa na radi. Nilitapika tu, kwenye kapu la karatasi.

Madamu alilifunga faili lake na kukizuia kitambulisho. Aliita polisi. Walipofika, yule mtu alikuwa ameshashuka ngazi, bila haraka, akiaga kila aliyekaa kwenye benchi.

Siku iliyofuata alikwenda saluni. Aliketi, akanyolewa ndevu na Marcelline mwenyewe, akasema, "Mwambie binti yangu sina hasira. Mzazi hutafuta mtoto wake." Akaacha pesa zaidi ya bei. Jioni ile tulihama, kila mmoja kwake. Marcelline amekwenda kwa ndugu zake, sitasema wapi. Kazi nimeacha. Madamu anasema nifungue mashtaka. Nasema ndiyo, halafu sifiki.

Basi shika maagizo haya, kisha uchome na hii pia.

Usiniandikie tena kwa saluni wala kwa ofisi ya kanisa. Andika kwa Jebet, mwanafunzi Mkenya anayepanga chumba Overport. Anwani yake na namba yake Madamu atampa Mama Velta kwa simu, Mama Velta peke yake, naye kwanza ataje mwaka ile picha yenu ilipopigwa. Juu ya bahasha weka jina la Mama Velta kama mtumaji. Ndani usinitaje. Mimi sikai hapo kwa Jebet; yeye huniletea.

Ukipata barua yenye jina la kaka yako, hata ikiwa na habari za nyumbani zilizo kweli kabisa, usiijibu na usiirudishe. Wala usiamini kwamba mimi niliiruhusu.

Kama ni jambo la kifo, mpigie Jebet Jumapili baada ya ibada. Mwombe Spès. Atakuambia hamjui mtu wa jina hilo. Usikate simu, ngoja, atakwenda kunitafuta. Lakini sauti ikikuambia mara moja kwamba Spès yupo, kwamba amekaa hapa hapa, subiri nimwite, weka simu chini.

Mwanao,
Spès