Yalikuwa Maji Tu

Mama,

Nimevunja agizo lako. Nakuambia mwenyewe kabla hujasikia kwa wengine huko uliko. Nimeenda kumtafuta Shangazi, dada ya Papa, na sasa yuko hapa nyumbani, anachambua sombe, majani ya mihogo, kwenye baraza lako. Usinune kwanza. Ngoja nieleze.

Tangu utuache, Likasi imekauka. Ule moshi wa kiwanda cha Shituru uliokuwa ukiutukana kwa kuchafua nguo kwenye kamba umekoma, sasa nguo zinakauka safi na hakuna anayefurahi. Mfuko wa unga wa kampuni hauji tena. Papa amepanda mihogo pale palipokuwa na maua yako, utusamehe. Miye nauza bukari, ugali wetu, sokoni, sufuria kubwa, mwiko mkononi kutwa nzima.

Basi kidole gumba cha mkono wa kuume kikaanza kuniuma, kule chini kabisa kinapoungana na mkono. Nikakificha. Niliogopa sana, Mama. Nikasema ile iliyokukamata imenifikia na mimi, nitakunja vidole kama wewe, nitalishwa kama mtoto.

Unakumbuka asubuhi zako. Ulikuwa unaamka mikono yote miwili imekakamaa, huwezi kufunga hata kifungo, unatuambia: "Bidole yangu ingali inalala." Jua likipanda vinafunguka kidogo kidogo. Watu wa chumba cha maombi wakapata neno hapo hapo: walozi wanamfunga usiku, mu midi, saa sita mchana, wanamfungua. Na sisi tukaanza kutafuta ni nani.

Tukampata aliye karibu. Shangazi ndiye aliyekuwa anakuletea beseni la maji ya moto kila asubuhi, anakutumbukiza mikono, anakanda kidole kimoja kimoja mpaka vinalegea. Mama Mwombezi, kiongozi wao, akasema: "Mwenye kufungula njo mwenye kufunga." Nani angejua dawa ya fundo kama si aliyelifunga? Tukaona ni akili kubwa hiyo. Ukamfukuza. Na ulipokuwa unakufa na homa yako ukaniambia: "Ule asifike ku kilio yangu." Akafika. Mimi ndiye niliyemfungia lango usoni, Mama. Alisimama nje mpaka tulipokutoa, kisha akafuata nyuma kabisa ya watu.

Sasa sikia. Nimeenda kwa daktari wa masista, mama mmoja mnene, asiyecheka ovyo. Alishika kidole changu akauliza kinauma saa ngapi. Nikasema jioni, nikishageuza bukari, nikipumzika kinatulia. Akasema hiyo ni ya kuchakaa, kiungo kimetumika mno, wafua nguo na wapiga mwiko wanaipata sana. Nikamwambia habari zako. Akauliza: mikono yote miwili sawasawa? Ndiyo. Asubuhi inakakamaa zaidi ya saa nzima? Nikashtuka, nikadhani na yeye anasali kwa Mama Mwombezi.

Kumbe ile asubuhi ndiyo alama ya ugonjwa wenyewe. Si mlozi. Ni mwili unaokosea, unapigana na viungo vyake kama adui, na vikilala usiku kucha bila kusogea vinaamka vimekaza. Una jina lake la Kifaransa refu, nimeliandika kwenye karatasi, nitakusomea siku ya kusafisha kaburi. Akasema wangu na wako ni magonjwa mawili mbali mbali, na watu wanayaita yote baridi ya mifupa. Hata ule wa jirani yetu wa kiwandani, tuliyesema amekanyaga dawa mlangoni, kidole kikubwa cha mguu kikavimba chekundu kwa siku moja, hata mguso wa shuka asiweze kuuvumilia, nao ni mwingine, una jina lake. Tulikuwa na mlozi mmoja kwa magonjwa matatu, Mama. Nilicheka pale mbele ya daktari, kisha nikalia, na mzigo wote ukanishuka mabegani.

Nikauliza la mwisho: na maji ya moto? Akasema asubuhi yanasaidia sana. Akaniuliza ni nani alikuwa anakufanyia hivyo.

Nikapanda gari la kubeba makaa mpaka ziwani Tshangalele, anakokausha samaki kwa watu. Amezeeka. Nikapiga magoti kwenye magamba ya samaki, nikamweleza yote, alama ya asubuhi, lango, yote. Nilitaka anitukane. Aliniinua tu, akasema: "Ilikuwaka tu mayi, mutoto wangu." Akaenda kufunga mzigo wake.

Sikulaumu, Mama. Uliumwa, na hatukuwa na jina la kukupa isipokuwa la mtu. Lakini pumzika sasa. Hakuna aliyekufunga. Hakuna aliyekuchukia katika nyumba hii. Nakuahidi siku ya kukuwekea msalaba Shangazi atatembea mbele, karibu na Papa, na nitakayemwona ananong'ona atanitambua.

Lile beseni ulilosema litupwe sikulitupa, nililifanya la kunyweshea bata. Nimelisugua. Leo asubuhi Shangazi ameniwekea humo maji ya moto kwa ajili ya kidole changu. Kinachouma ni cha mkono mmoja tu, ila nimetumbukiza yote miwili. Ule mwingine ulikuwa wako.

Kwaheri, Mama. Lala mikono wazi.

Mado wako