Mikono ya Bingwa

Wewe, acha unachofanya usome. Kaka leo karudi mazoezini, mara ya kwanza tangu apigwe na kupoteza mkanda wa ubingwa wa ndondi.

Si unajua kocha ndiye humfunga bandeji mikononi? Basi bingwa wetu kakaa kwenye benchi, kanyoosha mikono kama mtoto anayesubiri kunawishwa.

Kocha kampita. KAMPITA! Kaenda kumfunga mpiganaji mpya.

Kaka kauliza, "Kocha, marudiano lini?"

"Pumzika kwanza, mzee."

Mzee! Hata mvi hana!

Na mikono bado kainyoosha, ukumbi mzima unatazama pembeni. Nimetafuta utani, mimi huyu, nimekosa.

Mwishowe nimemfunga mimi, ovyo, kama nafunga kifurushi. Nilipomaliza akanong'ona, "Fungua, mdogo wangu. Anza tena, taratibu."