Kivuli cha Machimboni

Jumatatu, 3 Februari

Gauni limenigandia mgongoni kabla hata jua halijatoka. Maji, chai, fagio. Nimekung'uta viatu kwanza ndipo nikavaa. Nge mmoja, mweusi. Nimemponda kwa ndala.

Ambrose kaondoka jana na lori, safari ya Lubumbashi. Mume wangu kaniachia baba yake. Mzee mwili hauna shida. Shida ni kichwa. Maisha yake yote alikuwa askari wa wanyamapori huko kusini, na sasa anadhani bado yuko kazini. Na nyumba yetu ndiyo ya mwisho huku nyuma ya kilima cha Wazo. Ukivuka uzio wa mabati unakutana na machimbo ya mawe yaliyoachwa. Shimo kubwa, jeupe, halina mti hata mmoja. Ukilitazama saa sita macho yanauma. Mzee analitazama kutwa.

Analiita porini.

Nina sare za kwaya za kushona. Kitambaa kizito, kola ngumu. Sitaki hata kukigusa kwa joto hili.

Jumatano, 5 Februari

Kifutu bafuni.

Bafu letu liko nje, la mabati. Nimeshika ndoo, mguu mmoja umeshavuka kizingiti, nikasikia nyuma yangu, "Simama." Haikuwa sauti ya mzee ya siku zote. Sauti ya kazi. Nikasimama. Nyoka amejikunja pembeni ya beseni, mnene kama mkono wangu, rangi ya vumbi tupu. Nisingemwona.

"Rudi nyuma polepole. Huyu hakimbii mtu. Ndio ubaya wake."

Jirani yangu Mama Salha akaja na mumewe, wakampiga mawe mpaka akafa. Mzee akakasirika, chakula cha mchana hakugusa. Anasema nyoka alifuata ubichi tu, kule nje kunaungua. Ni kweli. Tangu mvua zikatike kila kiumbe kinahamia kwetu. Nyuki wanagombania bomba. Jana mjusi kafia kwenye jagi.

Mzee kaniokoa mguu wangu, pengine na roho. Nilipaswa kumshukuru. Sikumshukuru. Nilikuwa nimeudhika na sijui nimeudhika na nini.

Ijumaa, 7 Februari

Leo mzee katoka.

Nilimkuta ukingoni mwa shimo, kavaa shati lake la kaki, kichwa wazi. Nikamuuliza anatafuta nini.

"Bruno hajarudi. Maji yake yatakuwa yameisha."

"Twende nyumbani, Baba."

Kama sijasema. Ningekuwa binti yake ningemshika mkono nikamvuta. Mimi ni mkwe. Kwetu Iringa mama alinifundisha mapema: baba mkwe humgusi, huketi naye mkeka mmoja, chakula unaweka na kurudi nyuma. Tangu niolewe sijawahi kumgusa hata kidole. Kwa hiyo nikasimama hatua chache nyuma yake, juani, namwomba kama mjinga. Mpaka alipochoka mwenyewe akageuka.

Jioni nikampata Ambrose kwenye simu. Bruno alikuwa mwenzake wa doria. Walipotezana porini kiangazi kimoja, Ambrose hajazaliwa. Walipompata Bruno alikuwa ameshakufa kwa kiu.

"Yeye hajawahi kutusimulia," Ambrose kasema. "Mama ndiye aliyetuambia."

Sikujua. Ningejua ningejibu vingine pale ukingoni. Au nisingejibu vingine. Jua lilikuwa kali mno.

Jumapili, 9 Februari

Misa sikwenda. Nimefunga geti kwa kufuli, ufunguo nimeuvaa shingoni.

Mzee kalitikisa geti asubuhi nzima. Bati linalia mtaa mzima unasikia. Nikawa nakwenda dirishani, narudi kwenye cherehani, nakwenda tena. Nimeshona mkono wa sare nje ndani. Nimeufumua. Nimeushona vilevile tena.

Mama Salha akaja kusimama upande wa pili wa geti.

"Dada Upendo, unamfungia mzee kama mbuzi?"

"Nifanyeje, Mama Salha? Kule kuna shimo. Kuna nyoka."

"Mie sijui. Ila watu wanasema."

Waseme. Hakuna aliyesema, nipe nikae naye saa moja.

Nimempigia Ambrose. Nimemwambia baba apelekwe Songea kwa dada yake. Akasema, "Upendo, ni baba yangu." Nikamwambia basi njoo ukae naye. Nikakata simu.

Namchukia mzee huyu. Nimeliandika na silifuti.

Jumanne, 11 Februari

Umeme hakuna tangu jana. Feni imekufa. Bati linapasuka pasuka kwa joto.

Mchana kenge kaingia uani, mkubwa, kapita mbele yetu taratibu kama mwenye nyumba, akanywa maji ya kufulia, akatoka. Mzee akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Nikacheka na mimi, halafu nikakumbuka geti la juzi, nikarudi kushona.

Sina utulivu. Nikikaa nataka kusimama. Nashika ufunguo shingoni kila dakika.

Alhamisi, 13 Februari

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Mwenye mkokoteni alileta maji. Nilifungua geti, nikasaidia kuingiza madumu, nikalipa. Geti nikaliegesha tu, nikasema nitafunga nikishamimina. Nikamimina. Niliporudi uani kiti chake kitupu.

Nikachukua chupa moja ya maji na kukimbia. Kwanza ukingoni. Hayupo. Nikaita. Shimo linarudisha sauti yako tu. Nikashuka kwa njia ya zamani ya malori. Mle chini upepo haufiki. Mawe yanarusha joto usoni kama mlango wa tanuri, na weupe ule unakutoa machozi. Ndala ilikatika. Nikaivua nikakanyaga mawe peku, yakaniunguza, nikairudia nikaishikilia kwa vidole.

Nikamwona kwa lile shati la kaki. Amekaa kwenye jiwe katikati ya shimo, juani kabisa. Midomo imepasuka. Nikamwita, akanitazama bila kunijua.

"Bruno kaja?"

Hakuwa anatoka jasho. Hilo ndilo lililonitisha. Mimi nimelowa kama nimetoka mtoni, yeye mkavu kama karatasi. Akainuka, akayumba, akaanguka ubavu.

Sikufikiria mkwe. Nataka niandike ukweli, sikufikiria kabisa. Nilimshika kwapani nikamvuta. Ngozi yake ilinichoma. Kivuli kilikuwa kimoja tu, ukanda mwembamba chini ya ukuta wa mawe. Nikamburuta kuelekea huko. Nikawa nimekaribia kabisa, nikasikia pumzi kali, fuuu, nikainua uso.

Swila. Amesimama kwenye ufa, shingo imetanuka, ananitazama. Na nyuma yake mwingine, amelala tu. Kivuli kilikuwa kimoja na wao walishakifikia.

Nikageuza uso nisitemewe sumu machoni. Nikarudi kinyumenyume, namburuta mzee kurudi juani. Nililia. Nilimtukana Ambrose kwa sauti, na shimo likamtukana tena.

Halafu nikafungua vifungo vya shati lake, vyote. Nikamfungua mkanda. Nikammiminia maji kifuani, makwapani, shingoni, nikabakiza kidogo nikamlowanisha midomo. Chupa ikaisha. Nikamvua kabisa lile shati nikawa nampepea nalo. Nikampigia Mama Salha, sijui nilisema nini, nadhani nilisema "shimoni" tu. Nikavua kitenge changu, nikakitandaza kwa mikono miwili juu ya kichwa changu, nikasimama upande wa jua. Kivuli kikamwangukia usoni na kifuani. Jua lilikuwa karibu utosini, kwa hiyo ilibidi nipanue miguu, mmoja huku mmoja kule, nisimame juu yake, mkwe juu ya baba mkwe, nimevaa gauni la kazini lililopasuka kwapa. Nikawa naongea naye. Mambo yoyote. Kola za kwaya. Bei ya nyanya. Nikiacha kuongea anafumba macho.

Mama Salha alishuka na mumewe, wana ndoo na shuka lililoloweshwa. Alinitazama nilivyosimama, akashika upande mmoja wa kitenge.

Mume wake alitaka kumbeba mzee, lakini mgongo wake mbovu. Nikasema niwekeeni mimi. Wakaniwekea mgongoni, wakanifunga naye kwa shuka la maji kama mtoto. Si mzito. Hilo liliniumiza, jinsi alivyo mwepesi. Tulipanda njia ya malori wakinisukuma kiuno. Juu bajaji ilikuwa inasubiri.

Nesi amesema mwili ulichemka. Wamemtundikia dripu. Hawajaniahidi kitu.

Ijumaa, 14 Februari

Yu hai. Kafungua macho alfajiri.

Nesi kaniuliza, "Wewe ni binti yake?" Nikasema ndiyo. Sikutaka kueleza.

Mchana akauliza tena, sauti kama ya mtu aliye mbali, "Bruno kapatikana?"

Nilikuwa na majibu mawili. Nikasema, "Kapatikana, Baba. Kanywa maji. Yuko kivulini."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea ripoti. Akalala vizuri, kiganja chini ya shavu. Nikatoka kwenye korido nikalia mpaka mfagizi akanipisha kiti.

Jumamosi, 15 Februari

Ambrose yuko njiani, kaliacha lori kwa mwenzake Tunduma na kupanda basi. Kaniomba radhi kwenye simu. Sikumjibu vizuri. Bado nina hasira, nyingi, lakini hazina pa kukaa.

Nyayo zangu zimebabuka. Mama Salha kaleta uji hospitali, kaleta na ndala zake. Hajataja geti wala mbuzi. Wala mimi.

Jumatatu, 17 Februari

Tumerudi nyumbani. Joto lilelile, mawingu machache upande wa bahari, hayana maana yoyote.

Ambrose na mume wa Mama Salha wanajenga ukuta wa tofali kule nyuma. Wamefika magotini. Baba tumemhamishia chumba cha mbele, dirisha linaangalia barabara. Anatazama bodaboda. Leo aliniuliza jina langu mara mbili. Mara ya tatu alilijua mwenyewe.

Baada ya chakula niliona kucha zake zimekuwa ndefu, na ya kidole gumba imepasukia kule shimoni. Nikachukua mkasi mdogo wa cherehani. Nikatandika mkeka, nikakaa, akakaa. Ambrose akatokea mlangoni, mikono ina saruji. Alitukuta hivyo, mkono wa baba yake kwenye paja langu. Akarudi kwenye ukuta wake.

Nilikata polepole. Mzee alikuwa ananitazama mikono, haoni haya, wala mimi.

Nilipomaliza mkono wa kulia akanipa wa kushoto.