Jumamosi Tulipofanywa Majaji wa Mukimo

Jumamosi, jioni. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi ile ya Nyeri inayoanza na viatu kisha inapanda polepole. Nimekunja miguu kitandani, nimevaa soksi juu ya soksi, tumbo limejaa mukimo, na roho yangu bado haijaamua kama leo ilifurahi au ilitishika.

Nadhani vyote viwili.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza, mimi ni Mama Rehema. Naishi mtaa wa Majengo, nyuma ya msikiti, na asubuhi nauza chai na mahamri kwenye kibanda changu. Rehema ni binti yangu, anafanya kazi Nakuru. Ndiye aliyenifungulia blogu hii ili nipunguze kumtumia zile sauti ndefu kwenye simu. Alisema, "Mama, andika tu, watu watasoma." Mpaka sasa watu hao ni yeye, pamoja na Mama Ciku nikimsomea.

Mama Ciku ni jirani yangu. Anauza sweta za mitumba, na vyumba vyetu vinagawana ukuta mmoja, kiasi kwamba akipiga chafya mimi ndiye ninayemwambia pole. Baba Rehema alipofariki na Rehema akapata kazi mbali, Jumamosi zangu ziliharibika kabisa. Nilikuwa nafunga kibanda saa sita, nafuta meza, nakaa, kisha naifuta tena meza ileile. Siku moja Mama Ciku akabisha mlango.

"Kuna watu wanapima macho bure pale uwanjani. Twende."

"Macho yangu hayana shida."

"Hata yangu. Lakini kuna viti na muziki."

Tulienda, tukapimwa, tukaambiwa tunaona vizuri, tukakaa kusikiliza muziki mpaka wakaanza kukunja hema. Toka siku hiyo hatujakaa nyumbani Jumamosi hata moja. Watu hudhani mji kama wetu hauna burudani kwa mtu asiye na pesa. Hawajatafuta. Kuna mahafali ya vyuo, ambako hakuna anayekuuliza mtoto wako ni yupi. Kuna mashindano ya kwaya za shule, na mbio za kuchangisha hiki na kile, sisi tukiwa kwenye kundi la kupiga makofi. Mwezi wa saba, ukungu ukiwa umekalia mabati, tunaingia mihadhara ya maktaba kwa sababu kule kuna joto. Mimi sasa najua mambo mengi ya nyuki ambayo sina pa kuyapeleka. Siku ya Idd Mama Ciku anakuja kwangu kula, Krismasi mimi nakaa nje ya kanisa lao kusikiliza nyimbo. Na kila kampuni inayozindua kitu, tunakuwepo. Mama Ciku analala na tishati aliyopewa kwenye mkutano wa dawa za mifugo, iliyoandikwa mgongoni: NIULIZE KUHUSU MINYOO YA NG'OMBE. Aliwahi kutoka nayo kwenda dukani, mzee mmoja akamuuliza kweli. Alimjibu.

Leo ilikuwa siku ya wakulima kule Wamagana. Dereva wa lori la kubeba viti na mahema ni mtu wa Majengo, kwa hivyo tulipanda tukakaa kwenye viti vyenyewe, tukaingia Wamagana kama wageni wa heshima tunaosafiri na samani zetu.

Shamba lilikuwa zuri. Nyasi za ng'ombe zimekatwa vizuri, migomba, mahindi marefu, na mwenye shamba, mzee mmoja aliyevaa suti na gambuti, akitembeza watu huku mkewe akisimamia masufuria ya chakula cha wageni. Tulisikiliza habari za mbolea. Tulisikiliza habari za majani ya kulisha ng'ombe. Mvua ikazidi, tukajisogeza kwenye hema lenye meza ndefu yenye kitambaa cheupe, kwa sababu halikuwa likivuja.

Hapo ndipo afisa wa kilimo, msichana mchangamfu anayeitwa Nyawira, aliposhika kipaza sauti akiwa na uso wa mtu aliyepata habari mbaya. Kulikuwa na mashindano ya kupika mukimo, na majaji waliotarajiwa kutoka mjini walikuwa wamekwama kwenye matope.

"Nataka watu wawili," akasema. "Lakini wawe hawana mtu hapa Wamagana. Ndugu, shemeji, chama, kanisa, chochote."

Watu wakatazamana. Kila mmoja pale alikuwa shangazi wa mwingine.

Mama Ciku akauliza kwa sauti, "Majaji wanafanya nini haswa?"

"Wanaonja."

Alikuwa ameshasimama. Mimi niliinuliwa kwa mkono.

Tukaketishwa kwenye meza ile nyeupe, Nyawira katikati kama jaji wa tatu, tukapewa maji ya kunywa, vijiko na karatasi ya kuandikia alama. Nilijisikia mtu mkubwa. Nikarekebisha mtandio wangu. Kisha wapishi wakaingia na kupanga mstari mbele yetu, akina mama watano waliovaa aproni, na wa mwisho alikuwa Mama Wahome.

Mama Wahome ndiye mwenye ploti yetu, vile vyumba tunavyopanga.

Anaishi huko Wamagana kwenye shamba lake, na sisi humwona mwisho wa mwezi tu anapokuja kukagua. Ni mama mkimya, mkubwa wa umbo, ambaye anaweza kutazama ukuta ukajisikia mchafu. Majuzi alimkuta Mama Ciku amewasha jiko la makaa kwenye korido kwa sababu ya mvua, jambo ambalo amelikataza, na bila kusema neno akachukua ndoo ya maji akalizima. Sufuria la maharagwe likiwa juu. Mama Ciku hajawahi kuyazungumzia maharagwe yale kwa sauti ya kawaida. Alipokuwa anaondoka siku hiyo, Mama Wahome aligeuka akatuambia kwamba kama tungekuwa tunakaa nyumbani Jumamosi badala ya kuzurura kama watoto wa shule, tungepika mapema.

Sasa alikuwa amesimama mbele yetu, mikono imefungwa juu ya aproni, na sisi ndio tumekaa.

"Mama Rehema," Mama Ciku akaninong'oneza, "Mungu ako."

Nilimwambia Nyawira ukweli palepale, kwa sababu niliona mambo yataharibika. "Yule wa mwisho ni mwenye ploti tunayokaa."

Nyawira akafikiri. "Ni jamaa yenu?"

"Hapana."

"Mnampenda?"

"Hapana," akasema Mama Ciku.

"Basi hakuna shida. Na tena chakula kinaletwa na namba, hamtajua ni cha nani."

Sahani zikaja, zimefunikwa, zote za aina moja. Mukimo ni viazi, mahindi na majani ya malenge, vimepondwa pamoja. Unaweza kudhani hakuna pa kukosea. Kuna pa kukosea. Namba moja ulikuwa na mahindi magumu kama mawe. Namba mbili nitausema. Namba tatu ulikuwa mzuri tu, kama mtu mpole usiyemkumbuka jina. Namba tano ulikuwa wa kijani kibichi kama rangi ya mlango.

Namba nne ulikuwa na chumvi ya kutosha kuhifadhi samaki.

"Ni yeye," Mama Ciku akanong'ona, macho yakimng'aa. "Hiyo chumvi ni roho yake. Hiyo ni mkono ya mtu anamwagia watu maji." Akaandika alama moja kwa kumi, akaipigia mstari.

Na mimi je? Hapa sina budi kusema kweli, maana kama si hapa, wapi. Mimi pia niliamini kwamba namba nne ni wa Mama Wahome, na nikaingiwa na woga. Nilikiona chumba changu. Ni chumba kidogo, lakini jua la asubuhi linaingia, na ukuta wake mmoja una Mama Ciku upande wa pili. Nikafikiria kupandishiwa kodi, nikafikiria kuhama, nikafikiria kuanza kuwaambia pole watu nisiowajua. Nikaupa namba nne alama nane.

Kwa chakula kilichonifanya nimalize maji yangu na ya Nyawira.

Namba mbili hatukuudanganyia chochote. Mama Ciku alipoweka kijiko mdomoni alinyamaza, jambo ambalo ni nadra. Viazi vilikuwa laini bila kuwa maji, mahindi yamechemshwa kwa subira mpaka yakalegea yenyewe, na kulikuwa na harufu kidogo ya moshi wa kuni kama ya jikoni kwa bibi. Mama Ciku akachota tena, akasema ni kwa ajili ya kuhakikisha. Akahakikisha mpaka sahani ikawa nyeupe. Tuliupa kumi sote wawili, na Nyawira pia.

Nyawira akajumlisha. Akashika kipaza sauti. "Mshindi ni namba mbili," akasema. "Mama Wahome."

Nilihisi kijiko cha Mama Ciku kikigonga meza.

Namba nne ulikuwa wa mke wa mwenye shamba. Yuleyule aliyekuwa akipakua chakula cha mchana cha wageni. Jumla za alama zilisomwa, watu wakacheka kidogo, na yeye hakucheka. Foleni ya chakula ilipofika kwetu, mimi nilipata mchuzi mtupu, na Mama Ciku akapata sehemu ya githeri, yale mahindi na maharagwe, ambayo naamini ilikuwa imebaki kwenye mwiko.

Tulienda kula chini ya mti wa parachichi, mbali na watu, ndipo tukamwona Mama Wahome anakuja. Zawadi yake ilikuwa wilbaro mpya, na alikuwa anaisukuma kwenye matope moja kwa moja kuja kwetu. Hakukuwa na pa kukimbilia. Upande wa pili palikuwa na ng'ombe.

Akasimama. Kwa muda alitazama tairi la wilbaro.

"Nilipoona ni nyinyi mmekaa pale, nilijua nimeisha," akasema. "Nilisema, huyu wa maharagwe atanimaliza leo. Karibu nitoe aproni nirudi nyumbani."

Mama Ciku akaweka sahani yake chini.

"Mzee wangu alikuwa anapenda hiyo mukimo. Tangu aende, napika na hakuna mtu. Watoto wakikuja kutoka Nairobi wanabeba chipsi. Nusu inaendanga kwa mbwa." Akamgeukia Mama Ciku. "Na wewe ulimaliza sahani. Nilikuwa nakuangalia. Kwa hivyo nimekuja kukusalimia kwa mkono."

Akanyoosha mkono.

Nilimtazama Mama Ciku nikimwomba kwa macho anyamaze, aushike ule mkono tu, tupate sifa ya bure kama tunavyopata tishati. Lakini Mama Ciku ana kasoro moja: mtu akimwonyesha uso mzuri, hawezi kumdanganya.

"Mama Wahome, mimi nilikuwa nakutafuta nikumalize kabisa," akasema. "Nilifikiria yako ni ile namba nne. Ndiyo nikaipatia moja."

Ng'ombe mmoja akalia.

Mama Wahome akarudisha mkono wake polepole. "Namba nne," akasema. "Ile ya chumvi?"

"Ndiyo."

"Ati ulionja hiyo chumvi ukasema ni mimi nimepika?"

"Nilikosea."

"Ulikosea sana." Na nilivyoona, hilo ndilo lililomuuma, wala si ile nia ya kummaliza. Alikuwa amekunja uso kama anayekagua korido. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyesahau kinavyoanza, kikitoka vipande vipande, mpaka akashikilia wilbaro asianguke. Mama Ciku akamfuata. Mimi nilikuwa wa mwisho, kwa sababu nilikuwa bado nafikiria zile nane zangu, ambazo sikuona haja ya kuzitaja.

Mama Wahome akajifuta macho kwa aproni. "Siku ile ya jiko nilikuwa nimetoka kupimwa presha," akasema. "Nikaona moshi, nikafikiria nyumba inachomeka. Baadaye nikaona aibu kurudi." Akamtazama Mama Ciku. "Yalikuwa yameiva?"

"Yalikuwa yamebakisha kidogo tu."

"Pole."

Mama Ciku akalipima neno hilo kama anavyokagua sweta yenye tundu. "Si neno," akasema, na ndipo akampa mkono.

Tukakaa naye pale, yeye akiwa amekalia ukingo wa wilbaro. Akatuletea mukimo uliobaki kwenye sufuria lake, tukaula kwa vidole, yeye akiutazama unavyoisha. Kisha, akijifanya anatazama mvua, akauliza, "Na hii kutembea kwenu ya Jumamosi. Mnaendanga wapi?"

Nikamwambia kwamba Jumamosi ijayo kuna kwaya za shule mjini, na mlangoni hawatozi chochote.

"Na watu wanakaa tu? Hata kama hawana mtoto anaimba?"

"Wanakaa tu," nikasema.

"Mniwekee kiti."

Mama Ciku amelala sasa, namsikia anakoroma upande wa pili wa ukuta. Kwenye lori tukirudi, tulipokaribia mjini, aliniambia: "Akikuja, yeye ndiye wa kubeba chakula." Kwake yeye, huo ni mkataba wa amani, ingawa namjua, atatafuta la kubishana kabla kwaya ya kwanza haijamaliza kuinama.

Kwa hivyo Jumamosi ijayo tutakuwa watatu. Jioni yote nimekuwa nikijiuliza mimi nikae wapi, pembeni ambako nitasikia muziki, au kati yao ambako nitasikia kila kitu.

Nimeamua. Nitakaa katikati.