Swali la Salma kando ya mto

Jumamosi, Oktoba

Leo jua limetoka, lakini ni lile jua la Oktoba la hapa Toronto, linang'aa tu bila joto. Nina amani ambayo sijaizoea, kwa hiyo naandika kabla haijaniponyoka.

Tulienda kutembea, sisi watatu: mimi, mume wangu, na binti yetu Salma mwenye miaka kumi na saba. Kule Mto Rouge unapoingia Ziwa Ontario kuna njia inayozunguka msituni. Unaanza kando ya mto, unafika ziwani, kisha unarudi kwa upande mwingine hadi ulipoacha gari. Zamani tuliimaliza kwa saa moja, Baba Salma akiwa mbele, akitusimanga kwa uvivu.

Mwezi Machi alipata kiharusi. Mguu wa kulia bado anauburuta. Kiingereza alichozungumza kazini miaka ishirini kimepotea karibu chote. Ukimsemesha haraka haambulii kitu. Kiswahili kimebaki, ila kinatoka neno moja moja, kama mtu anayetafuta funguo gizani.

Salma anaelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza. Tumemlea hivyo, kosa ni letu. Basi miezi saba hii mimi ndiye mkalimani ndani ya nyumba yangu.

Na niungame: nilishaanza kuipenda kazi hiyo. Mume wangu akianza sentensi, mimi naimalizia. Nilijiambia namsaidia.

Kilichoniuma ni Salma kumkwepa baba yake. Alikuwa anamletea chakula, anambusu kichwani, halafu anakimbilia chumbani. Nilidhani anamwonea haya. Nilimkasirikia kimoyomoyo, mwanangu mwenyewe.

Nilikosea.

Tulipofika ziwani Baba Salma alikuwa hoi. Tukamkalisha kwenye benchi. Mbele njia ilikuwa na matope, nami nikawaambia wanisubiri nikaangalie kama atapita na fimbo yake. Nilitembea kama dakika kumi. Niliporudi, kabla sijatokeza kwenye kona, nikasikia sauti ya Salma.

"Baba, mguu yako imechoka?"

Kiswahili! Nikasimama nyuma ya mti kama mwizi.

"Mguu... wako... umechoka," baba yake akamsahihisha.

"Mimi? Hapana, mguu yangu iko sawa!"

Baba Salma alicheka hadi akakohoa, na Salma alipoelewa kwamba anasahihishwa, naye akaanza kucheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilisikia vicheko vyao pamoja.

Maji yalikuwa yanapiga mawe taratibu. Salma akasema, polepole, kila neno akilipima:

"Baba. Ile siku ulianguka. Uliniambia kitu. Mimi sikuelewa."

Siku ile mimi nilikuwa kazini, wao wawili walikuwa jikoni. Salma ndiye aliyepiga simu ya dharura, ndiye aliyemshika mkono hadi gari la wagonjwa likafika. Hakuwahi kunisimulia zaidi ya hapo.

"Ulisema mara mingi," akaendelea, sasa analia. "Nilifikiri unasema kwaheri. Na mimi sijui Kiswahili vizuri, nikashindwa kujibu."

Miezi saba mtoto alikuwa anabeba hilo peke yake. Mimi nikaliita haya.

Nilitaka kukimbia nikamkumbatie. Nilitaka pia kumsemea baba yake, kumpa maneno. Nikashika gome la mti, nikabaki palepale.

"Nilisema..." Baba Salma akalitafuta neno. "Zima... jiko."

"Nini?"

"Jiko. Zima. Maharage... yanaungua."

Salma alimkodolea macho. Halafu akapiga ukelele uliorusha mabata bukini wote waliokuwa ufukweni, akamwangukia baba yake shingoni, akicheka na kulia kwa pamoja. Ni kweli, siku ile niliporudi kutoka hospitali sufuria ilikuwa nyeusi tititi, na moshi ulikuwa umetanda nyumba nzima. Nashukuru Mungu hatukuungua.

"Haikuwa kwaheri?"

"Bado," akasema Baba Salma, akimpapasa mgongo kwa ule mkono mzima. "Bado nipo. Hukukosea... kitu. Ulimi wangu... ulikuwa mzito. Si wewe."

Sentensi ndefu kuliko zote tangu Machi. Ameimaliza mwenyewe.

Nikajifuta uso, nikatokeza nikijifanya nahema. Nikawaambia matope ni mengi, turudi tulikotoka. Salma akashika mkono wa baba yake kabla sijaunyoosha wangu. Wakatangulia. Nyuma yao nilikuwa nasikia wakibishana ni "mti hii" au "mti huu."

Jioni hii Salma ameniambia, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, kwamba Jumamosi ijayo atampeleka baba yake yeye mwenyewe. Leseni anayo, fimbo ataiangalia, na mimi nisiende.

Nimekubali. Ilinibidi niombwe mara mbili.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo nitakuwa na nyumba peke yangu kwa saa mbili nzima. Najiuliza nitafanya nini. Labda nifue mapazia, labda nimpigie dada yangu kule Morogoro. Lakini nikijisema ukweli, nadhani nitakaa kitandani nilie kidogo, kile kilio ambacho sikupata nafasi yake tangu Machi, halafu nilale hadi waje waniamshe.