Mizani Tatu, Mdomo Mmoja

Bariadi,
3 Septemba 1997

Kwa dada yangu Apolonia,

Mwangaluka, dada. Habari za Maswa, na shemeji, na hao mapacha wako wanaokula kuliko ng'ombe wa kulimia? Huku wote ni wazima isipokuwa mimi, nami sina homa wala malaria. Nina hasira, na fungu lake moja ni lako.

Unajua tangu chama cha ushirika kiliponipunguza kazi nilijijenga mwenyewe, kutoka karani wa kupima pamba hadi wakala wa kununua. Hakuna aliyenishika mkono. Msimu uliopita wakulima mia mbili na kumi na wawili walileta pamba kwangu. Msimu huu, hadi naandika, ni sitini na mmoja. Mizani yangu haiibi hata robo kilo, na bei yangu na ya Januarius wa ng'ambo ya barabara ni ile ile. Lakini watu wanapita na mikokoteni yao, wananipungia mkono kwa adabu kabisa, kisha wanakwenda kupanga foleni kwake juani. Nikasema huyu kaenda kwa mganga. Nilipomwambia Milembe hivyo, mke wangu aliinama kuchochea moto.

Cha ajabu, wale wachache waliobaki waliniletea peremende. Mzee mmoja alinipa pakiti nzima, eti wakala anaongea sana, koo litamkauka. Nikaona naheshimiwa. Nikazimung'unya zote.

Ukweli niliupata kwenye msiba wa baba mdogo kule Ngulyati, nawe ulikuwepo. Nilisimama kusoma wasifu wa marehemu, ndipo Maganga, mtoto wa shangazi, akaanza utani wake. Akapaza sauti kwamba jamani mwondoeni huyu karibu na jeneza, akiendelea kupumua hivyo marehemu atainuka atukimbie. Ni binamu, ana haki yake ya utani, nikacheka. Lakini mimi ni mtu wa kuhesabu, dada. Utani wa msibani watu huucheka mara moja wakatulia. Ule waliucheka mara tatu, na mara ya tatu hakuna aliyemwangalia Maganga. Wote walitazama chini.

Nilimfuata nyuma ya zizi, nikamkamata ukosi wa shati aseme. Akasema mdomo wangu unanuka mwaka wa pili sasa. Hadi msimu uliopita mizani ilikuwa moja, yangu, mkulima alibana pumzi akavumilia. Sasa soko ni huria, mizani ziko tatu, nani atakubali kusomewa kilo zake na mdomo kama ule?

Nikaenda hospitali nikitaka wang'oe meno yanayocheza nimalizane nayo. Daktari wa meno, mama mmoja mfupi asiyecheka, akakataa. Alichukua kijichuma chembamba chenye alama kama rula, akawa anakipenyeza kati ya jino na ufizi na kumtajia nesi namba aandike: tatu, tano, sita, saba. Niliposikia saba nikajinyoosha kitini, nikadhani napanda. Akaniambia hizo si maksi, ni milimita za shimo, na ufizi wenye afya hauzidi tatu. Kati ya meno yangu ishirini na nane, kumi na moja yalikuwa na tano kwenda juu.

Kisha akauliza napigaje mswaki. Nikamweleza kwa fahari kwamba tangu fizi zianze kutoa damu naziruka, nasugua kwingine, ili zipone. Akasema hapo ndipo nilipojiua. Damu ile inaletwa na ukoga unaokaa ukingoni mwa ufizi, na usipoondolewa hugeuka jiwe ambalo mswaki hauliwezi. Alilikwangua siku mbili, dada, vipande vikilia kwenye bakuli. Sasa natumia mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala, dakika mbili kwa saa ya mkononi, nikiufuata ukingo wa ufizi. Ugoro nimeacha. Wiki ya kwanza damu ilizidi nikataka kumrudia nimgombeze. Ya tatu ikakoma. Mfupa wa taya ulioliwa na ugonjwa haurudi, anasema, ila unaweza kuzuiwa usiliwe zaidi. Jino moja la mbele limekwenda. Jirani yake bado tunalipigania.

Lakini miaka miwili! Milembe, wateja, katekista, na wewe uliyenilea, uliyekaa nami siku nne msibani ukinigeuzia shavu kila nikisema. Mngenena mapema ningekwanguliwa milimita zikiwa nne, si saba. Milembe anajitetea kwamba mtu mzima haambiwi maneno kama hayo. Heshima gani hiyo inayomla mtu meno?

Hadi hapo nimeandika bila kusita, sasa kalamu inagoma. Daktari aliniuliza kama kwetu kuna mwingine. Nikamtaja mama, tuliyemzika akiwa na miaka hamsini na meno manne, tukasema ni uzee. Akasema ugonjwa huu hupenda kutembea katika ukoo, nani tena?

Dada, na wewe unanuka. Nimejua tangu Pasaka ya mwaka juzi, ulipokuja kumwona mtoto wetu. Niliona na mate yako mekundu kando ya mpapai, ulipopigia mswaki. Sikukuambia. Nilimwambia Milembe, na tulicheka. Hata kule msibani, sijui nani alianza kumgeuzia mwenzake shavu.

Basi nakuambia leo, bila utani, maana mimi si Maganga, ni mdogo wako. Daktari hupokea wagonjwa wa meno Jumanne na Alhamisi. Jina lako nimeshaliandikisha, Jumanne tarehe 16, saa mbili asubuhi. Usije umeacha kusugua panapotoka damu.

Milembe anakusalimu, naye ana aibu kama yangu. Msalimie shemeji, na mapacha uwapapase vichwa. Ukikasirika una haki. Kasirika ukiwa njiani.

Ni mimi mdogo wako,
Method